Herufi H Kando ya Namba

Karatasi niliyopewa dirishani ilikuwa na mistari miwili tu ya maana. Wa kwanza ulisema TSH 38.4, na kando yake herufi H iliyokolezwa wino. Wa pili ulisema T4 huru 6.1, na kando yake herufi L. Chini kulikuwa na muhuri wa maabara, sahihi isiyosomeka, na maelekezo kwamba mgonjwa apeleke majibu kwa daktari aliyemwandikia vipimo. Daktari aliyeniandikia alikuwa likizo. Aliyekaa kwenye kiti chake aliitupia jicho ile karatasi, akasema, "Homoni zako ziko juu, dada. Punguza mawazo." Akaita anayefuata.

Nafundisha hisabati sekondari, kwa hiyo namba hazinitishi. Lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiniletea jibu lisilo na kizio namkata alama, na hapa mimi nilikuwa nimekabidhiwa majibu mawili na kuambiwa nikapunguze mawazo.

Kwa muda mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimetibiwa malaria ambayo hadubini haikuiona, taifodi, na U.T.I., ule utatu ambao mtu mzima yeyote wa Dar es Salaam akichoka hukutana nao zahanati. Na kweli nilikuwa nimechoka. Nililala mapema na kuamka kama mtu aliyekesha msibani. Uso ulivimba asubuhi, sauti ikakwaruza, choo kikawa kigumu, nywele zikabaki kwenye kitana, na ngozi ya vidole ikakauka hadi vumbi la chaki likaingia kwenye mipasuko. Mwezi wa Februari, watu wakijipepea kwa magazeti ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, mimi nilivaa sweta. Nilinenepa pia bila kuongeza chakula, jambo ambalo mjini hupokelewa kwa pongezi. "Mwalimu, mji umekukubali!"

Nyumbani, msomaji mkuu wa karatasi alikuwa shemeji, mume wa dada yangu, ambaye ujanani aliwahi kuuza duka la dawa na tangu hapo hajaacha kutibu. "H ni juu, L ni chini," alisema. "Homoni zimekuzidi, shemeji."

"Na hii L?"

"Hiyo achana nayo. Moja juu, moja chini, zinabalansi."

Jioni hiyo jirani akaleta unga wa mizizi wa kusawazisha homoni. Mama naye akapiga simu kutoka Njombe kuniagiza niache chumvi ya dukani, kwa kuwa alisikia kwamba madini joto yanaongeza homoni. Wote walinitakia mema. Na wote, pamoja na yule wa koti jeupe, walikuwa wanaelekea upande usio wangu, kwa sababu homoni ya tezi yangu ilikuwa imepungua, tena imepungua sana.

Aliyenifungua macho ni daktari wa magonjwa ya ndani niliyempata baadaye katika hospitali nyingine, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Aligeuza bahasha ya majibu akaanza kuchora nyuma yake, nami nikamwamini hapo hapo. Alichora shingo, na chini ya koromeo akaweka tezi ya thairoidi. Hiyo, alisema, huchukua madini joto, yaani iodini, kutoka kwenye chakula na kutengeneza homoni inayoitwa T4, kwa kuwa ina atomu nne za iodini. Mwilini T4 huvuliwa atomu moja ikawa T3, na T3 ndiyo inayofanya kazi kwenye moyo, matumbo, ngozi, ubongo, kila mahali. Kisha akachora kichwa, na chini ya ubongo akaweka kitone kidogo: tezi ya pituitari. TSH hutoka huko, siyo shingoni.

"Mwalimu, huyu wa juu ni msimamizi," alisema akigonga kile kitone kwa kalamu. "Huyu wa shingoni ni kibarua. Kibarua akizembea, msimamizi anapaza sauti. TSH ndiyo hiyo sauti. Yako ni 38. Msimamizi anapiga kelele mpaka mtaa wa pili, na kibarua haamki."

Basi ile H haikuwa na maana kwamba nina homoni nyingi. Ilionyesha kuwa nina upungufu, na ile L iliyopuuzwa ndiyo iliyothibitisha. Namba mbili zilizoonekana kupingana zilikuwa zinasema jambo moja. Na kama kibarua angekuwa anafanya kazi kupita kiasi, msimamizi angenyamaza: TSH ingeshuka karibu na sifuri na T4 ingepanda. Mwalimu wa hisabati alifurahi zaidi aliposikia kwamba uhusiano wenyewe hauendi kwa mstari ulionyooka. T4 huru ikishuka hadi nusu, TSH inaweza kupanda mara 100 hivi. Ndiyo maana madaktari wengi huanza na TSH: hupiga kelele mapema, T4 ikiwa bado inaonekana ya kawaida.

Nilimuuliza, je, msimamizi mwenyewe akiugua? Aliweka kalamu chini. Hilo, alisema, ndilo linalomfanya asipende karatasi yenye TSH peke yake. Pituitari ikiharibika, T4 hushuka na TSH haipandi, hata inaweza kuonekana ya kawaida kabisa, na mgonjwa akarudishwa nyumbani na pongezi. Akanieleza kuhusu wanawake waliotoka damu nyingi mno wakati wa kujifungua. Damu ikipungua ghafla mwilini, pituitari, ambayo wakati wa ujauzito huwa imekua na inahitaji damu zaidi, inaweza kufa sehemu. Daktari Mwingereza Harold Sheehan aliielezea hali hiyo mwaka 1937, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Dalili ya kwanza huwa maziwa kutotoka, kisha hedhi isirudi, kisha uchovu na baridi kama yangu. Katika nchi ambako wazazi bado wanapoteza damu nyingi leba, sioni sababu ya mama wa namna hiyo kupimwa TSH bila T4. Historia ya uzazi wake haimo kwenye chupa ya damu. Lazima mtu amuulize.

Safu ya tatu ya karatasi, ile ambayo watu huiruka, ni kiwango cha rejea. Kwenye maabara ile TSH ilikuwa 0.4 hadi 4.0. Wengi hudhani mipaka hiyo ni kama mstari kati ya kufaulu na kufeli. Kwa kawaida hupatikana hivi: huchukuliwa watu wengi wanaoonekana wazima, wanapimwa, majibu yao yanapangwa kutoka dogo hadi kubwa, kisha asilimia 2.5 ya chini na asilimia 2.5 ya juu zinaachwa nje. Kilichobaki katikati, asilimia 95, ndicho kiwango. Maana yake katika kila watu 20 wazima, mmoja atapata H au L bila kuumwa chochote. Usiku huo nilipiga hesabu kwenye daftari. Mtu mzima wa afya akipima vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau herufi moja ya kumtia hofu ni 1 toa 0.95 kwa kipeo cha 20, yaani karibu asilimia 64. Zile ofa za kupima mwili mzima zinazobandikwa kwenye kuta za maabara mjini zingepaswa kuandikwa hesabu hiyo pembeni.

TSH yangu ya 38 haikuwa ya kubahatisha, lakini ya 4.6 ingekuwa habari nyingine. Hapo daktari mwangalifu hurudia kipimo baada ya wiki kadhaa kabla ya kumwandikia mtu dawa ya maisha, kwa sababu TSH hucheza. Usiku hupanda, mchana hushuka, na mtu anayepona ugonjwa mwingine anaweza kuwa nayo juu kwa muda. TSH ikiwa kati ya 4 na 10 na T4 ikiwa ya kawaida, uamuzi unategemea umri, dalili, ujauzito, na kama damu ina antibodi dhidi ya tezi yenyewe. Mimi nilikuwa nazo nyingi. Kinga ya mwili wangu ilikuwa inaishambulia thairoidi polepole, ugonjwa ambao daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliuelezea mwaka 1912. Nilipoambiwa jina hilo nilijisikia nafuu ya ajabu, maana lilinitoa kwenye orodha ya wavivu.

Nikaanza levothairoksini, ambayo ni T4 iliyotengenezwa kiwandani. Kidonge kimoja alfajiri, tumbo tupu, kwa maji matupu, kisha kusubiri nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vikae mbali nacho kwa saa nne, maana hukizuia kufyonzwa. Kwa mtu aliyezoea kumeza kila kitu pamoja na chai ya maziwa, hapo pana mtihani.

Baada ya wiki mbili shemeji alinitaka nikapime tena, tuone kama dawa inafanya kazi. Daktari alikataa. T4 inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake huondoka baada ya siku 7 hivi, kwa hiyo kila dozi mpya inahitaji wiki nyingi kutulia, na pituitari nayo huchelewa kushusha sauti. Ukipima kabla ya wiki 6 hadi 8 unapima safari, hujafika. Akaniongezea sharti: asubuhi ya kupima, damu itoke kwanza ndipo nimeze kidonge, kwa sababu T4 huru hupanda kwa saa chache baada ya kumeza.

Vipimo vilivyofuata vilikwenda vizuri mpaka nilipohamia maabara ya karibu na shule. Kwenye karatasi ya zamani T4 huru ilikuwa imefika 14.2. Kwenye mpya ilikuwa 1.1. Dada alishika kichwa. Safari hii nilisoma safu ya vizio kabla ya kulia: ya kwanza ilikuwa pikomoli kwa lita, ya pili nanogramu kwa desilita. Zidisha 1.1 kwa 12.87 unapata 14.2. Mwili ulikuwa pale pale. Tangu siku hiyo nawapa wanafunzi swali hilo kwenye mada ya vizio, nao hudhani nimelitunga.

Hata vizio vikifanana, mashine za kampuni tofauti hazitoi namba zilezile kwa damu ileile, ndiyo sababu kila maabara huandika kiwango chake na huwezi kuazima cha jirani. Ukitaka kujua kama unapanda au unashuka, pimia mahali pamoja.

Nikikasirishwa na tofauti hizo hujikumbusha kinachopimwa. Pikomoli 14 za T4 katika lita ya damu ni kama nanogramu 11: gramu moja igawe vipande bilioni moja, uchukue 11. Na hiyo ndiyo T4 huru, sehemu ndogo mno ya T4 yote, takriban asilimia 0.03. Iliyobaki imeshikwa na protini na haiwezi kuingia kwenye seli. Protini hizo huongezeka wakati wa ujauzito na kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa hiyo T4 ya jumla inaweza kuonekana juu ilhali mtu yuko sawa. Kiasi kidogo hivyo hakikupimika katika damu hadi miaka ya 1950, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walipobuni, katika hospitali ya maveterani kule Bronx, New York, njia ya kutumia antibodi na chembe zenye mionzi. Walianza na insulini. Mwaka 1977 Yalow alipewa Tuzo ya Nobeli. Berson alikuwa ameshafariki mwaka 1972, na Nobeli haiwapi marehemu. Maabara nyingi za sasa hazitumii tena mionzi kwa vipimo hivi, lakini wazo la kunasa homoni kwa antibodi ni lile lile.

Wazo hilo lina mlango wake wa nyuma. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, mzima wa afya, alipima akaletewa TSH ya chini sana na T4 ya juu. Akaambiwa tezi yake imepamba moto, aanze dawa. Nilimtazama: hatetemeki, hajakonda, moyo umetulia. Nikamshauri amwone yule mama daktari, ambaye swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, unameza nini cha nywele?" Alikuwa anameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini mikrogramu 10,000, wakati mtu mzima anahitaji kama 30 kwa siku. Mashine nyingi hutumia bayotini kama gundi ndani ya kipimo, na ikijaa kwenye damu huvuruga hesabu kwa namna hiyo hasa: TSH inaonekana chini, T4 inaonekana juu. Aliacha vile vidonge, akapima tena siku kadhaa baadaye, majibu yakawa ya kawaida. Vidonge hivi vinauzwa hadi kwenye maduka ya vipodozi, na sijawahi kuona dirisha la maabara linalouliza.

Kilichonifundisha zaidi, hata hivyo, ni shingo ya shangazi. Njombe, Iringa, Mbeya, nyanda zile zote za juu kusini, ardhi ina upungufu wa madini joto, na kizazi cha shangazi kilikua kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea. Wanawake wenye rovu walikuwa wengi hata haikuwa jambo la kuulizia. Ninakumbuka tulipokuwa watoto tukipangwa mstari shuleni kumezeshwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na ladha yake sijaisahau. Shangazi hakuvipata katika umri wa kumsaidia. Alibeba rovu lake maisha yote, akilifunika kwa khanga, bila maumivu.

Uzeeni akaanza kukonda. Mikono ikatetemeka hadi chai ikamwagika, moyo ukamwenda mbio usiku, hasira zikaja bila sababu. Kijijini yakasemwa ya kusemwa. Mimi nilipofika na kumsalimu, "Kamwene, shangazi," mkono wake ulikuwa na jasho, na Njombe mwezi wa Julai hakuna anayetoka jasho akiwa amekaa. Mama alikuwa na hakika kwamba ni ugonjwa wangu, kwa kuwa sote ni tezi, na alitaka nimgawie vidonge vyangu. Nilimwomba asubiri karatasi. TSH ya shangazi ilikuwa chini ya 0.01 na T4 huru 48, kinyume changu kabisa. Vidonge vyangu vingeweza kumuua kwa moyo.

Ukubwa wa tezi hauonyeshi inatoa kiasi gani. Rovu lililokaa miaka mingi katika ukame wa madini joto huota vinundu, na baadhi ya vinundu huacha kumsikiliza msimamizi. Madini joto yakifika hatimaye, vinafanya kazi bila breki. Miaka ya 1990 madaktari waliliona hilo Zimbabwe na Kivu baada ya chumvi yenye madini joto kuingia. Mama, kwa hiyo, hakuwa ametunga lile la chumvi. Lilikuwa la shangazi, siyo langu. Na bado chumvi ile ibaki jikoni, kwa kuwa idadi ya watoto inaowaokoa na udumavu wa akili ni kubwa mno kulinganisha na wazee wachache wa aina ya shangazi, ambao wanatibika. Yeye alipewa kabimazole, akanenepa tena, na ulimi wake ukarudi kuwa mkali kwa sababu za kawaida.

Nilipopata ujauzito, miaka kadhaa baada ya ndoa, niliona kiwango cha rejea kikihama tena. Mjamzito mwenye tezi nzima huwa na TSH ya chini miezi ya kwanza, kwa kuwa homoni ya ujauzito yenyewe huichochea thairoidi na msimamizi akanyamaza. Karatasi itamwekea L, na mara nyingi si ugonjwa. Kwa sisi ambao tezi imeshaishiwa nguvu, mambo hugeuka: mahitaji yanapanda, tezi haiwezi kuitika, TSH inapaa. Daktari alinipandishia dozi mapema, kutoka vidonge 7 kwa wiki hadi 9, na kunipima kila baada ya wiki 4 hivi hadi katikati ya ujauzito.

Dada unayemeza levothairoksini, siku utakapojua una ujauzito usingoje tarehe ya kliniki ya wajawazito. Endelea na kidonge, na nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo ukapime TSH na T4 huru, ukiwa na karatasi zako zote za nyuma mkononi. Tezi ya mtoto huanza kutengeneza homoni kwenye wiki ya 12 hivi, na haimtoshelezi hadi karibu nusu ya ujauzito. Kabla ya hapo anatumia yako.